Hewa Tuliyoilipia Nauli

Dorka aliazima rula ya mwanawe,
ile iliyovunjika penye ishirini na nane,
akaitumbukiza ndani ya katoni
kama anayepima kina cha kisima.
Mvua ya Manyatta ilikuwa juu ya mabati,
njugu zilizokaangwa zinapoa kwenye sinia.
"Njoo uone," akaniambia. "Tunasafirisha hewa."

Nilicheka. Kisha nikaona.
Chupa kumi na mbili za mviringo,
baina yao nafasi, na ndani ya nafasi
magazeti ya juzi, yamefinyangwa ili vioo visigongane.
Magazeti nayo tuliyanunua kwa kilo.
Kutoka Kisumu, Ahero, Awasi, kupanda Kericho,
hadi duka la Wairegi kule Nakuru,
kila wiki tulilipia nauli
habari zilizochacha
na pumzi ya mtu asiyejulikana.

Mwaka huo shilingi ilinyauka mkononi.
Wateja walishika chupa, wakasoma bei,
wakairudisha rafuni kwa adabu,
kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.
Wapo waliotushauri: punguzeni njugu,
ongezeni unga wa mahindi, nani atajua?
Dorka akasema, ulimi utajua.
Njugu sizigusi. Nitakata kila kisicholiwa.

Akaanza kukata.
Kioo kikaenda, na uzito wake.
Likaja kopo la pembe nne, lisilo na shingo wala mabega,
linalobanana na mwenzake
kama wanafunzi wa darasa la watu tisini.
Makopo ishirini, katoni ileile. Magazeti, sifuri.
Kifuniko chekundu kikawa cheupe: senti themanini.
Utepe wa gundi uliozunguka mara tatu
ukazunguka mara moja na nusu;
nilimwona akiihesabu hiyo nusu.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifunzwa.
Hatukuambiwa kibaba chenyewe ni bei gani.

Alfajiri moja akaenda Kibuye kumtafuta Barasa,
anayeleta viazi vya Molo na kurudi lori likiwa tupu,
turubai likijipigia makofi hadi Salgaa.
"Unarudi na nini?"
"Na uchovu."
"Ongeza katoni sita."
Wakapatana nusu ya nauli,
na kopo moja la mamake Barasa kila mwisho wa mwezi.

Mimi nilinyamaza mpaka akafika kwenye lebo.
Lebo ile niliichora mwenyewe:
mama yetu amepiga magoti, kule Ndhiwa,
jiwe la kusagia mbele yake,
kitambaa cha kichwa rangi ya chungwa.
Rangi nne. Shilingi tano na nusu kila chupa.
"Watu hawamli mama," akasema Dorka,
na papo hapo akasikia alichosema,
akaiweka rula chini.

Tulikaa. Hakuna aliyegusa njugu.
Baadaye nikachukua wembe
na kandambili iliyokatika,
nikachonga muhuri kwenye soli:
mikono miwili tu, na jiwe.
Uso haukutosha.
Wino mweusi. Senti kumi.

Bei ilishuka shilingi kumi na nane.
Si muujiza. Wairegi aliagiza katoni ya saba,
kisha Februari, ada za shule, akarudi kwenye tano.
Kodi ya nyumba tunadaiwa,
na mashine ya kusaga bado inanguruma kwa pesa za chama.

Lakini jana makopo matupu yalifika juu ya magunia ya viazi,
kwa ajili ya zile shilingi tatu tunazomrudishia mteja.
Mengi yana mafuta, moja lina misumari.
Moja lilikuwa limeoshwa kuliko yote,
muhuri haujafutika,
na mtu, sijui nani, huko Nakuru,
amechora juu ya ile mikono
kwa kalamu ya rangi ya chungwa
kitambaa cha kichwa.