Jiwe la Bwana Peliki

Barua imekuja na picha ya ukurasa mmoja
na nusu ya pesa; nusu ya pili wakishaliona jiwe.
Wanataka herufi za kale, zenye mikia.
Wanataka ukungu utolewe kwa brashi laini, si kwa asidi.
Sawa. Kazi ni kazi. Shuleni wananidai minervali.

Ukurasa ni orodha ya watu wenye namba.
Obadia Pelwick, namba moja, alishuka melini
mwaka elfu moja mia sita thelathini na nane,
akapewa ekari mia mbili kando ya mto.
Na nani, hausemi.
Mto ule waliokuwepo waliuitaje, hausemi.
Obadia akamzaa Yonathani, Yonathani akamzaa Silasi,
Silasi akaacha wosia:
ng'ombe sita, birika la shaba, godoro la manyoya,
mtu mmoja, Sipio.
Kwa mpangilio huohuo. Birika lilitangulia.
Sipio hana namba.

Nilikunywa chai kwanza, ndipo nikaendelea kushuka.

Kizazi cha tisa: Harlani, mhandisi wa madini,
Elisabethville, 1921 hadi 1929, homa.
Kando ya jina wametia msalaba mdogo
na maneno matatu: alikufa bila uzao.

Kambo Feza alikuwa akisonga bukari hapahapa Kamalondo
kitambaa amekivuta hadi kwenye nyusi
nywele zisionekane, nyekundu
kama waya wa shaba uliomenywa.
Mama yake alifua shuka za nyumba ya mhandisi.
Siku ya jeneza alisimama nje ya ua wa makaburi,
mimba ya miezi saba,
maana upande ule mweusi aliingia na sepetu tu.
Baadaye karani akauliza: Baba?
Akajibu: Peliki.
Karani akaandika: hajulikani.

Lakini mtaa nao una daftari lake.
Jina lilibaki, limeng'oka jino moja njiani,
Peliki, Peliki, tukiitwa darasani,
Peliki, kwenye foleni ya mshahara wa kampuni,
hadi kampuni ilipoacha kulipa.

Nimepima granite. Nimechora kwa chaki.
Upepo umetoka upande wa terili,
vumbi jeusi likajaa kwenye tumbo la herufi P,
nikalipuliza.
Nimechonga walichoagiza, mkia kwa mkia,
na maneno yale matatu pia, wameyalipia.
Lile la katikati limetoka vizuri kuliko yote.
Mkono haukutetemeka, nasema kweli.

Halafu chini kabisa, pembeni,
pale mafundi tunapotia jina
mteja mwingine ajue pa kuuliza,
herufi za sentimita moja na nusu, bila mikia:
Kyungu Peliki, mawe ya kaburi, Kamalondo.
Na namba ya simu.

Picha nimeituma tangu Jumatatu,
ya karibu, yenye mwanga wa saa nne.
Nusu ya pesa bado haijafika.