Tundu

Baba alikuokota mwaka wa sitini na moja,
kando ya barabara itokayo Trona,
akirudi zamu ya usiku kiwanda cha magadi.
Akakufunga ndani ya koti, ukamlowesha mapaja:
maji uliyoyatunza tangu mvua ya mwisho
ukayamwaga yote.
Kisa hicho alikisimulia miaka nenda rudi, watu wakicheka.
Hakuna aliyemwambia kuwa ile ndiyo akiba yako,
kwamba kobe wa jangwani akiyamwaga maji hayo kiangazi
huenda asiione mvua nyingine.

Uliiona. Uliziona zote, pamoja na mpira wa bustani.

Kisha keekee.
Akatoboa ukingo wa gamba, nyuma, kushoto,
akapitisha mnyororo wa mbwa.
Nilikuwa na miaka sita. Mimi ndiye niliyeshika tochi.
Nakumbuka unga mweupe, harufu ya kucha inayoungua,
na wewe, kichwa ndani, kimya,
kama mwenye nyumba angojaye wageni wabaya waondoke.

Tundu ni tobo, tundu ni kizimba:
neno moja, na Baba alikupa yote mawili.
Naye alikupenda. Usiniulize vipi.
Alikulisha saladi, stroberi, chakula cha mbwa,
hata gamba likaota vilima
kama nchi iliyopigwa na tetemeko.

Juma la mazishi yake ulitoka shimoni,
vumbi la miezi mitano usoni.
Nikasema: basi, deni lilipwe.
Nikakuweka katika boksi la tufaha,
nikaendesha alfajiri hadi lami ilipokwisha,
mahali penye vichaka vya kreosoti na upepo tu.
Nilikuwa nimeshafungua mlango
simu ilipolia. Bi. Odalys Fenwick, wa kituo cha makobe,
mwanamke asiyejua kubembeleza:

"Mafua anayoishi nayo huyo, Corliss,
huko nje ni msiba wa ukoo mzima.
Unataka roho yako itulie, au unataka wao waishi?"

Nilikaa garini, mlango wazi.
Juu ya nguzo ya umeme kunguru walinitazama,
wanono kwa takataka zetu.
Bi. Odalys aliwahi kuokota chini ya nguzo kama ile
magamba thelathini na manne ya vitoto,
kila moja limedonolewa katikati,
laini bado, mtu angeweza kulikunja kwa vidole.
Na mchangani, alama za pikipiki
zilipita juu ya mashimo kana kwamba hakuna anayelala.

Tukarudi.

Sasa nimeng'oa nyasi za Baba, zile za kijani za kujionyesha.
Nimepanda dungusi na maua ya jangwa, yale mekundu ya udongo.
Nimekuchimbia shimo refu, lenye mdomo upande wa jua la asubuhi.
Sikuinui. Nikibidika, nakuinua polepole, sawasawa,
kama sufuria iliyojaa hadi ukingoni.

Hata hivyo kila siku unaufuata ukuta
hadi kona ya kaskazini, unaparua saruji,
unageuka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni;
zako si mbio, na ukingo ni uleule.

Nina miaka sabini. Daktari anakukadiria themanini,
akaongeza, bila kunitazama, "Bado ana safari."
Kwa hiyo umo katika wasia, baada ya nyumba, kabla ya gari.
Utakwenda kwa Marisela, binti wa jirani,
ambaye hakupendi sana, na hilo limenituliza:
anajaza sinia lako la maji,
anahesabu majani, anakwenda zake.
Tukienda jangwani ndiye anayepiga magoti
kuchungulia chini ya magurudumu kabla sijawasha.

Leo ubua wa nyasi ulinasa katika tundu lile.
Ukauzungusha ua mzima, umesimama wima nyuma yako
kama bendera ya nchi ndogo.
Marisela akanyoosha mkono auchomoe.
Nikamwambia auache.