Daftari la Pasua

Redio imesema tumekua. Asilimia kadhaa, sikuishika,
nilikuwa nampimia Mama Ndeshi mafuta ya kula.

Mwaka juzi alikuja na chupa ya lita.
Mwaka jana, ya nusu.
Sasa ananyoosha kichupa cha dawa ya kikohozi ya mjukuu,
kimesuguliwa hadi nembo imetoka,
nami nakikung'uta kipimo mpaka tone la mwisho
maana tone hilo ndilo linalomrudisha kwangu.

Jumanne karani wa takwimu alipita na kishikwambi,
akaketi juu ya kreti la soda, mlangoni kwake.
"Siku saba zilizopita, mama, nyama mlikula mara ngapi?"
Nilisikia ng'ambo ya uchochoro:
"Mara mbili." Akanyamaza kidogo.
"Tatu, ukihesabu Jumapili."

Daftari langu halijui aibu:
dagaa wa jero, sukari robo,
sabuni kipande,
sabuni kipande,
chumvi (hii alilipa).

Sikumsahihisha. Nani amuuze mteja wake kwa serikali?
Mlima ulijifunika tangu asubuhi;
nao una siku zake za kutotaka kutazamwa.

Magharibi karani akarudi, kishikwambi kwapani,
akaulizia maji makubwa, akaulizia madogo,
akasema basi.
Kisha, kwa sauti ya chini: "Pampasi moja, kaka.
Mpaka mshahara utoke."

Nikafungua ukurasa mpya. Jina?
Akatazama kushoto, akatazama kulia,
akachukua kalamu, akajiandika mwenyewe.
Mwandiko mzuri sana.