Pete ya Wanga

Nilimwambia shangazi, "Hii ni pete ya wanga,"
akarudisha mkono, akasoma Kursi kimya kimya
mpaka nikacheka. Si wanga wa usiku, Bi Barke.
Wanga wa muhogo, wa mahindi,
ule anaoukoroga Athman Kombo pale Langoni
halwa ikimshika mwiko kama mdai.

Sikiliza. Wanga ni mkufu:
sukari imeshika sukari, imeshika sukari,
mkufu usio na kifungo, umejipinda majini.
Kuna kijidudu cha udongoni
chenye kimeng'enya kinachojua kukata na kuunga.
Kinakata pale, kinaunga hapa,
ncha inaikuta ncha, mkufu unakuwa kikuku.
Sukari sita, au saba, au nane.
Tano hazifiki kushikana mikono.

Ile ya saba ndiyo kaidi.
Ya sita na ya nane ukizitia majini
huyeyuka kama zilizoitwa.
Ya saba imejifunga kibwebwe,
kila sukari imemkamata jirani,
maji yakipiga hodi inachelewa kuitika.
Ndiyo niliyoletewa, gramu mia mbili, kwa ndege ya Manda,
na askari wa uwanja akalitikisa kopo:
"Dada, huu ni unga gani?"
Wa sukari, nikasema.
Aliandika jina langu mara mbili.

Ina umbo la kikombe kisicho na kitako,
mdomo mmoja mpana, mmoja mwembamba.
Nje yapenda maji. Ndani haiyataki.
Mithili ya nyumba za Mkomani:
daka humkalisha kila apitaye,
lakini ndani ya ndani, penye zidaka,
haingii ila wa nasaba ya mafuta.
Vitabuni pete huitwa mwenyeji
na kinachoingia huitwa mgeni.
Hakuna kamba baina yao, wala gundi.
Ni kutoshana tu.

Sasa kichupa.
Mama alituachia kimoja, mafuta ya asumini
aliyoyatengeneza mwenyewe kabla ya harusi yangu.
Tukikifungua tumkumbuke, kinapungua.
Kila tukimnusa, tunammaliza.

Kwa hiyo Jumamosi, maabara ya shule ikiwa tupu,
niliukanda unga kwa maji kidogo
kwenye kinu cha kaure, tone kwa tone,
saa nzima, kiganja kikatoka lengelenge.
Maji yaliyokuwa ndani ya pete
yalitoka bila ugomvi; hayakuwa yamestarehe.
Mama akaingia.
Nikaanika siku mbili darini, chini ya kawa.

Bi Barke aliinama juu ya kopo.
Pua ile, inayojua nyumba ya tatu
wamechoma udi wa bei gani,
ilivuta, ikavuta tena.
"Yeo waniletea unga, mwanangu?
Mamako yuwapi hapa?"
Kisha, polepole: "Umemmaliza."

Sikumjibu. Nilikuwa naogopa hesabu zangu.
Ndipo akachovya kidole auonje,
na alikuwa ndiyo kwanza ametoka kutawadha.

Maji mengi yakibisha, mgeni hutoka.

Chumba kizima. Asumini
ya kikuba kilichofungwa alfajiri,
na kwa mbali ule moshi wa jiko la mama
ambao sikujua kuwa niliufungia nao.

Hakulia. Alikishika kidole chake
mbali na mwili, kama taa.
Nikaona midomo yake inahesabu, sijui nini.
Halafu akafunika kopo, akalikaza,
akauliza kwa sauti ya mtu anayenunua kitambaa:
"Na hizo pete, akitoka mtu, zabaki tupu?"
Zabaki tupu.
"Zamtia yeyote?"
Yeyote anayetosha. Dawa chungu. Harufu mbaya.

Akatazama dirishani, kwenye uchochoro,
mfereji uliofurika tangu Ijumaa,
punda wa Bwana Shee wamejisaidia mlangoni.
"Basi baki la unga usilirudishe shule."