Vikishikana

Mwanasha ameegemea daftari langu la risiti,
kati ya plagi nne na oili lita tatu,
afanya zoezi la Kiingereza.
Shimanzi, magharibi imeshaadhiniwa,
trela za bandarini zatikisa mabati ya gereji.

"Sikiza, mama. Haya maneno mawili
yakiachana ni kitendo.
Yakishikana ni jina."

Nikamwambia rudia, mie niliishia la saba.
Akagota meza kwa kidole:
gari linapozima njiani, ti-TA, uzito uko nyuma.
Kule kuzima kwenyewe, TA-ti, uzito waja mbele.
"Ndiyo brekidauni."

Lo!
Miaka minane nayaandika majina haya,
nayapigia muhuri, nayadai pesa,
sikujua kuwa yalikuwa vibarua.
Pikapu: kumbe kuna aliyeinama akaokota.
Chekapu, mia tano, bila ya risiti mia nne.
Na viazi karai vya Bi Zuwena, vya tekawei,
ndivyo hivi vilivyopoa kwenye gazeti.

Kwetu kitendo hakiitwi jina bure.
Pika avae *m*, abadili mkia, ndipo awe mpishi.
Iba naye, hata akijificha, hutoka mwizi.
Hawa wenzetu watoka na ovaroli ile ile yenye grisi,
washikana mikono tu,
washakuwa watu wa kuitwa.

"Mama. Wewe na baba
ni kitendo au ni jina?"

Spana ikanianguka. Sikuiokota.
Nyuma ya gereji pikapu yake iko juu ya mawe,
magurudumu niliyauza Ramadhani ya mwaka juzi.
"Andika kazi yako," nikamwambia.

Akaandika.
Mimi nikafungua ukurasa wa wadeni,
na kwenye safu ya maelezo, kalamu ikateleza:
*kuondoka.*
Nikaliangalia neno. Halikushikana na mtu,
halikubadili nguo, liko peke yake,
na bado ni kitendo, na bado ni jina:
kuondoka kwake kulikuwa kwa asubuhi,
kulikunywa chai,
kulisema kutarudi na betri.

Nikakata mstari. Nikaandika: *betri, moja.*
Mwanasha akachungulia.
"Hiyo ni ya nani?"
Yetu, nikasema. Kula viazi.