Kazi ya Nyumbani ya Turaj

Turaj amerudi na daftari, theluji mabegani.
Mwalimu ametaka mistari mitatu:
metali hutofautianaje na maada nyingine?
Namwambia, vua viatu kwanza. Keti.

Chukua mwiko na kijiko cha shaba,
uvizamishe pamoja katika supu inayotokota.
Mwiko hausemi kitu, ndiyo maana ukaitwa mwiko.
Kijiko ni mmbea: hujahesabu kumi
habari za moto zimeshafika vidoleni.
Ndiyo sababu chai twainywa kwa glasi
hata humu Lahij, kijiji cha wafua shaba.

Andika hilo. Kisha andika mlio.
Babu yako Najafgulu aligonga sinia kwa ukucha
akategea sikio, kama daktari kifuani.
Gogo hujibu mara moja, du.
Tofali halijibu.
Shaba isiyo na ufa
huendelea kusema wewe ukishanyamaza.

Udongo uwahi ungali maji, husemwa, na ni kweli:
mfinyanzi akichelewa, amechelewa.
Shaba haina kuchelewa.
Usiku ule ardhi ilipotikisika
(mama yako alikuwa bado ananyonya)
dirisha lilikwisha, mitungi ikawa vigae,
kiti changu cha mjozi kikavunjika mguu,
na birika hili likabingirika ngazi zote tisa
likatua uani, mashavu yamebonyea,
mfuniko ungali kichwani.

Asubuhi babu alilitia motoni
hata likaiva jekundu, akalichovya majini, pshii,
likawa laini kama siku halijawa birika.
Maana nyundo huikaza shaba,
pigo juu ya pigo, mpaka siku moja ipasuke;
moto ndio huisahaulisha.

Turaj anaandika: *Metali husahau.*
Futa, namwambia.
La, acha.

Ananyamaza, anapapasa birika upande wa mpini.
“Bibi, na hapa? Mbona hapa pamebonyea bado?”

Hapo gumba langu huingia ninapomimina.
Alipaacha makusudi, au mkono ulichoka,
wateja wakiwa mlangoni na sufuria zao.
Sikumuuliza. Miaka ishirini na sita nilikuwa na nafasi
ya kumuuliza.

Funga daftari, chai inapoa.
Mwambie mwalimu mistari mitatu haikutosha.