Kushoto, Kulia

Tulivuka daraja kwa miguu, mafagio mabegani,
wengi, kama waendao karamu wasiyoalikwa.
Nilivaa glavu mpya za kijani,
kibandiko cha bei bado kimeganda kidoleni.
Sitaficha: nilitaka kuokoa mtu,
mtu mwenye jina, aliyezama hadi kifuani,
anyooshe mkono
nami niushike.

Benirrosa mvua haikunyesha jioni ile, hata tone.
Ilinyesha huko juu, milimani,
na korongo lililokauka tangu enzi za mababu
likakumbuka kwamba liliwahi kuwa mto.
Saa moja usiku. Watu walikuwa wanakaanga mayai.

Quico, kijana wa orodha,
sauti imemkauka kwa siku nne za kuita majina,
aliniuliza, "Unajua umeme?"
Sijui.
"Mabomba? Katapila?"
Sijui.
Akazitazama glavu zangu.
"Nenda kwa Remei, duka la viatu.
Anahitaji mtu wa kuhesabu."

Remei hakunisalimu.
Alinipa ndoo na mswaki wa meno.
Matope yalifika rafu ya tano,
mekundu, mazito kama uji uliolala,
na ndani yake viatu, kama viazi siku ya mavuno:
unatia mkono, unang'oa kimoja,
hujui umeshika cha nani.
"Bima hulipa kwa pea," alisema.
"Kimoja si kitu. Kimoja ni takataka."

Basi nikaosha.
Mokasini, arobaini na mbili, kulia.
Ndala ya mtoto, kulia.
Cha bibi harusi, cheupe zamani, kulia.
Kulia, kulia, kulia,
hadi nikadhani mji huu una watu wa mguu mmoja.
"Vya kushoto hukaa dirishani," Remei alisema bila kugeuka,
"vya kulia stoo, chini."
Na dirisha lilikuwa limekwenda na maji,
kioo, mbao, bei na yote,
kuelekea kwenye michungwa.

Nikavipanga juu ya mlango uliong'oka, kando ya barabara.
Ungedhani ndani mna wageni wengi
wamevua mlangoni, wanakula.

Siku ya pili lilikuja lori la misaada kutoka mbali:
makoti ya theluji, gauni la dansi,
na sanduku zima la viatu.
Remei alicheka mpaka akakaa chini.
Alicheka muda mrefu kuliko kichekesho chenyewe.

Siku ya tatu niling'oa kimoja cha kahawia,
kamba zimefungwa fundo mbili,
kisigino kimetiwa raba mara mbili au tatu.
Kushoto!
Nilipiga kelele kwa furaha, mjinga mimi,
nikakinyanyua kama samaki mkubwa.
Barabara nzima ikanyamaza.
Remei alikipokea. Hakukiandika daftarini.
"Hiki hakihesabiwi," alisema,
akakiweka mapajani, akaanza kuzifungua kamba
kwa kucha, taratibu,
kama mtu hajavuliwa bado.

Baadaye Quico aliniambia, huku akitazama orodha:
Eliseu, mumewe, alishuka stoo
kupandisha vya kulia.
Walimpata siku ya pili. Mguu mmoja mtupu.

Sikuokoa mtu.
Jioni nilikwenda kwenye michungwa.
Machungwa yalikuwa yameiva, yanang'aa juu ya uchafu
bila aibu yoyote.
Nikachokora kwa mpini wa ufagio hadi giza,
nikarudi na vya kushoto kumi na tisa:
ndala, buti, kile cha bibi harusi.
Remei alivipokea kimoja kimoja,
akatafuta mwenzake kila kimoja,
akaandika: pea, pea, pea.
Kisha akanitazama mikono.
Glavu sikujua nimeziacha wapi.

"Kesho," alisema, "njoo mapema.
Bado kuna vya watoto."